Mrejesho: ile antivirusi ya bure ya intaneti ya nyumbani

Wakuu salama, mimi ndo yule wa Kigoma niliyelalamika antivirusi ya bure tuliyoahidiwa tukilipia intaneti ya mwezi, linki ya kuiaktiveti haifiki kabisa. Kumbe akaunti yangu ilisajiliwa kwa imeili ya fundi aliyekuja kufunga ruta hapa Mwanga, linki zote zinaenda kwake na jamaa wala hana habari! Huduma kwa wateja ya hiyo kampuni ya intaneti wao ni zima ruta washa ruta tu, mpaka dada mmoja akafungua taarifa zangu akaiona hiyo imeili ya fundi, akabadilisha akaweka yangu, linki ikaingia hapo hapo. Nimeinstoo, Defender, ile antivirusi inayokuja na Windows, ikajizima yenyewe, msishtuke ndo kawaida yake ukiweka nyingine. Mkuu uliyesema nitoe kwanza ile antivirusi ya kukraki (ya wizi, isiyolipiwa) niliyokuwa nayo, asante, kompyuta imepumua. Kwenye simu bado sijaiweka.