Rada ya ardhini: antena ya MHz 250 au 400?

Kina_Kirefu: Wakuu, wiki hii nanunua rada ya kutafuta mabomba, na pesa inatosha antena moja tu. Muuzaji anasema ya 250 inafika mita 6, ya 400 mita 3. Si bora nichukue inayozama zaidi?

Bi_Udongo: Mkuu, hujataja udongo, wala bomba ni la nini, kipenyo gani, limelala kina gani. Hizo mita 6 ni za mchanga mkavu.

Kina_Kirefu: Plastiki, ya maji. Udongo una mfinyanzi kiasi.

Bi_Udongo: Hapo kwenye "kiasi" ndipo penye kazi. Mfinyanzi wenye upitishaji umeme wa 50 mS/m (milisimensi kwa mita) na dielektriki 16 (namba inayoonyesha jinsi udongo unavyopunguza kasi ya wimbi la rada) humeza desibeli 20 hivi za nguvu ya wimbi kila mita, na mwangwi ukirudi unamezwa 20 nyingine. Antena zote mbili zitahangaika kuvuka mita moja. Pima udongo kabla ya kulipa.

Masafa400: Basi 400, bila shaka. Kasi ikiwa mita 0.1 kwa nanosekunde, urefu wa wimbi lake ni sm 25, na robo yake, sm 6, ndiyo unayoweza kutenganisha kwa wima. Ya 250 ni sm 10. Tena kumbuka kanuni ya kazini: kila sm 10 za kina zinadai sm 1 ya kipenyo.

Mstari_Mnyoofu: Mnabishania antena wakati hasara kubwa hutokea kwenye kasi ya wimbi, ambayo kifaa huitumia kugeuza muda wa mwangwi kuwa kina. Kuna kazi ambayo kifaa kiliachwa kwenye dielektriki 5, ya mchanga mkavu, na ardhi ilikuwa imelowa, 20 kamili. Kasi ikahesabiwa 0.134 badala ya 0.067. Bomba likaandikwa mita 1.6, kumbe liko 0.8. Wachimbaji wakashuka hadi mita 1 wakiamini bado wana nafasi, wakalikata. Mwangwi wenyewe ulikuwa safi kabisa! Haipabola, ule upinde ambao bomba huchora, ilikuwa pale kwenye skrini, mkunjo wake ungetoa kasi sahihi. Ila pitisha rada juu ya bomba kwa pembe mraba. Ukipita mshazari haipabola inatanuka na kasi inasomeka kubwa kuliko ilivyo.

Masafa400: Hilo ni kosa la mtumiaji, antena haihusiki.

Mstari_Mnyoofu: Mkuu, mchimbaji anaisoma namba ya kina, hatazami antena.

Valvu: Hakikisheni bomba limejaa maji, plastiki tupu haionekani.

Bi_Udongo: Kwenye mchanga mkavu sawa, maji yanasaidia. Kwenye mfinyanzi uliolowa ni kinyume: dielektriki ya maji ni 80 hivi, ya hewa 1, na kwa uwiano udongo wa 16 umeachana na hewa (mara 16) kuliko na maji (mara 5). Tupu ndilo linalong'aa.

Valvu: Na likiwa nusu?

Kina_Kirefu: Kipenyo ni sm 5, kina sijui. Je, nikisubiri udongo ukauke?

Bi_Udongo: Utapata nafuu, lakini kama una chumvi usitegemee sana. Umepima upitishaji?