Mjadala: Zege halilali, sawa. Na saidia fundi je?

Wakuu, juzi nilisema sheria isimamishe kazi za juani saa za joto kali. Nikajibiwa mawili: joto la Dar lipo tangu enzi za mababu, na kibarua akisimama mchana watoto wanalala njaa.

Ni kweli, joto la kaskazi, Desemba mpaka Machi, si geni. Kinachoongezeka ni siku zenyewe. Mwaka 2021 jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilieleza kuwa joto kali lililokuwa likitokea mara moja katika miaka 10 kabla ya enzi ya viwanda, sasa hutokea karibu mara 3 katika muda huohuo. Joto la dunia likipanda nyuzi 2 juu ya la enzi hiyo, litatokea zaidi ya mara 5. Nasi wa pwani tuna unyevu juu yake: jasho linatiririka ila halikauki, na lisipokauka mwili haupoi.

Februari moja nilikuwa saiti, saa nane mchana, tunamwaga zege ghorofa ya pili. Nondo hazishikiki bila kitambaa. Kijana wa ndoo akakaa chini ghafla, ngozi inawaka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Fundi mkuu akauliza kama amelewa. Tulimmwagia maji ya pipa la kuchanganyia zege, ndoo baada ya ndoo, mpaka akamtambua mwenzake. Kesho yake alirudi kazini, maana analipwa kwa siku.

Kwa hiyo hoja ya njaa naielewa vizuri. Lakini kusimama mchana si kupoteza siku. Oman, Juni mpaka Agosti, kazi za juani husimama saa 6:30 mpaka 9:30 mchana. Qatar tangu 2021 wanasimama saa 4 asubuhi mpaka 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Na maghorofa yao yanapanda.

Nasi tunaweza kuanza alfajiri. Kikwazo nikionacho ni nauli na usafiri wa saa hizo kwa mtu anayetoka Chanika au Mbagala, na taa za saiti. Hizo gharama abebe mwenye jengo, asikatwe kibarua.

Wenye saiti humu, na ninyi mnaobeba ndoo: mkianza kumwaga saa 11 alfajiri, nini kitakwama?