Mutt: kuhamisha barua kwa kitufe kimoja

Wakuu, habari zenu. Natumia mutt, programu ya kusoma barua pepe kwenye terminal. Kila nikimaliza kusoma barua nabonyeza s (ya kuihamishia folda nyingine), kisha naandika jina zima la folda. Jana niliandika "Kumbukubu", mutt ikauliza kama iunde folda mpya, nikabonyeza y bila kusoma. Barua ya mkataba nimeitafuta jioni nzima! Hakuna njia fupi?

— Ipo, mkuu, na pole sana. Kwenye ~/.muttrc (faili la mipangilio ya mutt) weka:

set confirmappend=no
macro index,pager A "<save-message>=Kumbukumbu<enter>"

Ukibonyeza A, barua inahamia yenyewe. Ule mstari wa kwanza usiusahau, la sivyo mutt itakuuliza uthibitishe kila mara. confirmcreate, ile inayouliza kabla ya kuunda folda mpya, usiiguse kabisa. Ndiyo inayokulinda ukikosea jina.

— Nyongeza: barua nyingi zitie alama kwa T, halafu andika ~d >1m, yaani za zaidi ya mwezi mmoja. Kisha bonyeza ; na s. Pale zilipotoka zinabaki na alama ya D (ya kufutwa) mpaka ubonyeze $, kwa hiyo usishtuke.

— Asanteni mno. A inafanya kazi, nimeijaribu sasa hivi. Hiyo ya T nitaijaribu kwanza kwenye folda ndogo.