Naomba ushauri: mbio za Dar hadi Morogoro kuchangia watoto wenye saratani

Wakuu, tunapanga mbio za karibu kilomita 190 kwa siku 5, kuchangia watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili. Kila siku tutaanza saa 11 alfajiri na kupumzika ifikapo saa 4, kabla jua halijawa kali. Vituo vya maji vitakuwa kila kilomita 5, pamoja na ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji. Mkimbiaji akinywa maji matupu kupita kiasi, chumvi hupungua kwenye damu na anaweza kufa.

Hofu kubwa ni malori kati ya Mlandizi na Chalinze. Gari la polisi litangulie au lifuate nyuma? Na michango iingie hospitali moja kwa moja, au tutenge fungu la nauli na malazi ya wazazi wanaotoka mikoani?