Mfumo unajua kuwa draiva ya michoro imekwama, kwa nini unamficha mtumiaji?

Wakuu,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mtu anasasisha kompyuta yake ya Linux kwa njia ile ile iliyopendekezwa na distro yenyewe (yaani toleo la Linux analotumia, kama Ubuntu), anabonyeza kitufe alichoambiwa abonyeze, anaombwa aiwashe upya, na baada ya hapo hapati chochote ila skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa kwenye kona ya juu kushoto. Sikasirishwi na draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya michoro, kushindwa kufanya kazi, kwa maana programu yoyote inaweza kushindwa. Ninachokasirikia ni kwamba mfumo ulikuwa na taarifa zote za kujua, kabla ya kuwashwa upya, kuwa draiva hiyo haitapakiwa, na bado ukanyamaza.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, haitoi ahadi kwamba miundo yake ya ndani itabaki vilevile kutoka toleo moja hadi jingine. Draiva zinazosafiri ndani ya kerneli, kama amdgpu ya kadi za AMD iliyoingizwa katika toleo la 4.2 mwaka 2015, hazisumbuliwi sana na jambo hilo, kwa kuwa anayebadilisha kerneli huirekebisha na draiva papo hapo. Draiva rasmi ya Nvidia haimo humo. Moduli zake, yaani vipande vya draiva vinavyopakiwa ndani ya kerneli, hukaa nje, na hili halikubadilika hata baada ya kampuni hiyo kutoa chanzo huria cha moduli zake za kerneli mwezi Mei 2022, kwa kadi za kizazi cha Turing na vilivyofuata. Kwa hiyo kila kerneli inapobadilika, moduli lazima zijengwe upya, na katika distro nyingi kazi hiyo imeachiwa programu iitwayo DKMS.

Hapa ndipo uzembe unapoanzia. Ili DKMS ijenge moduli, inahitaji kifurushi cha linux-headers (faili za kerneli zinazotumika kujengea moduli) kinacholingana barabara na toleo la kerneli mpya. Kifurushi hicho kikikosekana, moduli haijengwi, na taarifa ya kosa, ikiwa itatolewa, huwa ni mstari mmoja unaomezwa na mamia ya mistari mingine ya usakinishaji. Anayesasisha kwa dirisha la kawaida badala ya terminali hauoni kamwe. Wakati huohuo kerneli mpya inawekwa kuwa chaguo la kwanza kwenye GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, na Nouveau, draiva huria ambayo ingeweza kuokoa jahazi, ilishafungiwa na kifurushi cha draiva rasmi tangu siku kiliposakinishwa. Kompyuta inawashwa ikiwa haina draiva ya kadi hiyo hata moja. Nani aliyepanga mambo hayo akaridhika nayo?

Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka, nayo ina ukimya wake. Moduli iliyojengwa ndani ya kompyuta ya mtumiaji lazima itiwe saini kwa ufunguo ambao mfumo wa kuwasha unautambua, la sivyo kerneli inaikataa. Wakati wa kusakinisha, mtumiaji anaombwa abuni nywila ambayo haelezwi vya kutosha ni ya nini. Kompyuta inapowaka tena, skrini ya buluu inatokea na kumpa sekunde 10 tu za kugusa kitufe chochote ili aandikishe ufunguo wake. Akiwa amegeuka kidogo, au akidhani ni ujumbe wa kupita tu, muda unakwisha, kompyuta inaendelea kuwaka, na draiva inakataliwa. Hakuna dirisha linalomweleza baadaye kuwa ufunguo haukuandikishwa. Anaambulia picha kubwa zilizovimba kwenye skrini yenye vipimo vya chini, na anaanza kushuku kuwa kadi yake imeungua.

Namna nyingine ya ukimya, ambayo naiona kuwa mbaya kuliko skrini nyeusi, ni pale kila kitu kinapoonekana kufanya kazi. Draiva imekosekana, mfumo umehamishia kazi yote ya michoro kwenye kichakataji kikuu kupitia llvmpipe, programu inayochora bila kutumia kadi ya michoro, na mtumiaji haambiwi neno. Feni inapiga kelele, video zinakatakata, dirisha likiburuzwa linaacha mikia, na betri inaisha haraka. Ni mpaka afungue ukurasa wa taarifa za kompyuta ndipo atakuta jina llvmpipe mahali palipopaswa kuandikwa jina la kadi yake, na asiyejua maana yake ataendelea kuteseka miezi na miezi.

Kisha anakuja kuuliza, na jibu la kwanza analopewa ni kusakinisha mfumo wote upya. Ushauri huu ukome. Usakinishaji mpya mara nyingi huleta kerneli ya zamani zaidi iliyokuja na faili la usakinishaji, draiva inajengeka vizuri, mtu anashukuru, na sasisho linalofuata linamrudisha palepale, huku akiwa ameshapoteza mipangilio yake na pengine mafaili yake. Jibu la pili huwa ni kupakua kisakinishi cha .run kutoka kwa mtengenezaji na kukirundika juu ya vifurushi vya distro. Hapo draiva inakuwa na vipande vya matoleo mawili visivyoelewana, na kuvitenganisha ni kazi ya kuumiza kichwa.

Kwa aliyekwama sasa hivi: bonyeza Esc au Shift kompyuta inapoanza kuwaka ili menyu ya GRUB itokee, kisha chagua kerneli ya zamani. Ikiwa haipo, bonyeza e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, na uwashe kwa Ctrl+X. Ukishaingia, amri ya dkms status itakuonyesha moduli imejengwa kwa kerneli zipi, na lspci -k itakuonyesha kadi inatumiwa na draiva ipi. Kumbukumbu za uwashaji uliofeli zinasomwa kwa journalctl -k -b -1. Moduli ikiwa haikujengwa, sakinisha linux-headers za kerneli husika na uendeshe dkms autoinstall -k ukifuatisha toleo la kerneli hiyo. Ikiwa ilijengwa lakini ikakataliwa, tatizo ni saini, na amri ya mokutil ndiyo itakayokusaidia kuandikisha ufunguo upya. Kadi ikiwa ya zamani, hakikisha kwanza kuwa tawi la draiva yake, yaani mfululizo wake wa matoleo, bado linatunzwa, kwa sababu tawi la 390 la Nvidia lililohudumia kadi za kizazi cha Fermi, kwa mfano, lilifikia ukomo mwishoni mwa mwaka 2022.

Haya yote anatakiwa ayajue mtu aliyetaka tu kusasisha kompyuta yake, na mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Kerneli mpya isiwekwe kuwa chaguo la kwanza mpaka moduli za draiva inayotumika ziwe zimejengwa na kutiwa saini. Ikishindikana, ile ya zamani ibaki kuwa ya kwanza, na mtumiaji aonyeshwe ujumbe usiopotea wenyewe, wenye maneno ya kawaida, unaotaja kilichokosekana. Mfumo ukihamia llvmpipe kwenye kompyuta yenye kadi ya michoro, useme hivyo mara tu mtu anapoingia.

Watunzaji wa vifurushi wanaopita hapa, naomba mnieleze ni kizuizi gani cha kiufundi kinachozuia ukaguzi huo kufanyika kabla ya kumwomba mtu awashe upya, ilhali dkms status inatoa jibu hilo leo hii, kwa mstari mmoja, kwa yeyote anayejua kuiuliza.