Kipima mchapuko ndani ya ndege

Swali, kutoka Chake Chake:
Assalaamu alaykum. Ndege ya kwenda Unguja inapoanza kukimbia, mgongo hubanwa kitini. Je, kipima mchapuko, yaani kifaa kinachopima jinsi kasi inavyobadilika, huihisi vipi nguvu hiyo?

Jibu:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ndani yake mna kitonge kilichoshikwa na springi. Ndege ikichapuka, kitonge hubaki nyuma kidogo, na umeme hupima kimesogea kiasi gani. Kompyuta hujumlisha mchapuko huo ikapata kasi, kisha kasi ikapata umbali, ijapokuwa kosa dogo huzidi kukua kadiri muda unavyopita, ndiyo maana husahihishwa kwa setilaiti.

Jibu:
Naongeza jambo zito: hata ndege ikitulia uwanjani, kipima kilichoelekezwa juu husoma takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba, kwa hiyo kompyuta huhitaji pia jairoskopu, kifaa kinachohisi jinsi ndege inavyogeuka, ili itenganishe uvutano wa dunia na mwendo.