Mjadala: Stesheni ya City Hall, New York, ifunguliwe kwa wote au ibaki ya wanachama?

Mkazi wa Bronx (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Waliowahi kuishi New York wanaijua treni namba 6, ile inayotoka Pelham Bay Park huku Bronx na kushuka Manhattan hadi stesheni ya Brooklyn Bridge. Hapo tangazo linasema mwisho wa safari na watu wanashuka. Treni yenyewe haiishii hapo. Lazima igeuze irudi Bronx, na inageuzia kwenye kitanzi cha reli kilicho chini ya bustani ya City Hall, mbele ya ofisi za meya. Siku hizi abiria anaruhusiwa kubaki ndani. Ukibaki utaona dirishani, kwa muda mfupi sana, stesheni nzima isiyo na abiria hata mmoja, ina matao na vigae vya kijani na krimu na jina CITY HALL limeandikwa ukutani. Kisha giza, na unatokea upande wa pili wa Brooklyn Bridge, safari ya kurudi Bronx.

Hoja yangu ni kwamba stesheni ile ifunguliwe kama makumbusho kwa mtu yeyote. Leo anayeweza kukanyaga jukwaa lake ni mwanachama anayelipia uanachama wa Makumbusho ya Usafiri ya New York, naye lazima anunue tena tiketi ya ziara. Tiketi hizo huisha upesi.

Niwape historia kidogo ili tuelewane ninazungumzia nini. Tarehe 24 Machi 1900 meya Robert Van Wyck alichimba udongo wa kwanza wa njia ya treni ya chini ya ardhi mbele ya City Hall. Injinia mkuu alikuwa William Barclay Parsons. Njia ikafunguliwa 27 Oktoba 1904, stesheni 28, nauli senti 5. Treni ya kwanza iliondokea hapa. Meya wa wakati huo, George McClellan, alikabidhiwa mpini wa fedha wa kuendeshea ili aiondoe tu treni, halafu amwachie dereva. Alikataa kuuachia, akaendesha mwenyewe mpaka mtaa wa 103. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu cha kawaida. Jiji lilijua limejenga nini, na stesheni hii ndiyo waliyoiteua iwe sura ya njia nzima.

Wasanifu walikuwa Heins na LaFarge. Dari ni kazi ya kampuni ya Rafael Guastavino, Mhispania aliyehamia Marekani mwaka 1881 na ufundi wa kwao wa kujenga kuba kwa vigae vyembamba vinavyopandana kwa saruji, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana ukiwa jukwaani huoni nguzo hata moja, kuba linajibeba lenyewe. Unashuka kutoka bustanini, unafika kwenye ukumbi mdogo wa tiketi wenye kuba lake, kisha ngazi pana inakuteremsha jukwaani. Jukwaa ni moja tu, reli ni moja tu, na vyote viwili vimepinda pamoja na kitanzi. Juu kuna madirisha ya vioo vilivyoungwa kwa risasi, yaliyokuwa yakileta mwanga wa jua kutoka bustanini hadi chini ya ardhi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili yalipakwa lami yasitoe mwanga usiku. Ukutani kuna mabamba ya shaba nyeusi ya kumbukumbu yaliyobuniwa na Gutzon Borglum, huyo huyo aliyekuja kuchonga nyuso za marais kwenye mlima Rushmore.

Sasa jambo linaloniuma. Ujenzi ule ulilipwa na jiji. Kampuni ya August Belmont ilipewa njia kuiendesha kwa mkataba, ila pesa ya kuchimba na kujenga ilikopwa na jiji kwa hati za dhamana, dola milioni 35 kwa mkataba wa kwanza. Deni lile lilikuwa la kila mkazi wa New York, mbeba mizigo bandarini na tajiri wa Wall Street. Iweje leo mlango wake ufunguliwe kwa kadi ya uanachama?

Naomba kuwasilisha. Mnaopinga njooni na hoja, nitajibu.

Mama Tabata

Naunga mkono, mwanangu. Ila mimi nauliza swali la mtu asiyejua mambo ya treni: kama ni nzuri hivyo na reli bado inapita, kwa nini isirudishwe kazini tu, watu wapande na kushuka kama zamani?

Fundi Reli, Morogoro

Shikamoo mama. Hapo jibu ni la kiufundi, na halina njia ya mkato.

Behewa ni kitu kilichonyooka. Jukwaa lile limepinda. Mabehewa ya 1904 yalikuwa na milango miishoni tu, na kwenye jukwaa lililo upande wa nje wa kona, miisho ya behewa ndiyo inayosogea karibu na ukingo. Katikati ya behewa panabaki mbali. Baadaye mabehewa yakaanza kuwekewa mlango wa katikati ili watu waingie na kutoka haraka. Mlango huo ukifunguliwa pale City Hall, mbele ya abiria kuna pengo la kutosha mtu kutumbukia. Stesheni nyingine za njia hiyo zenye kona, kwa mfano 14th Street, ziliwekewa vipande vya chuma vinavyochomoza kuziba pengo treni ikisimama. City Hall haikustahili gharama hiyo.

Sababu ya pili ni urefu. Jukwaa lilipimwa kwa treni ya mabehewa matano. Treni namba 6 leo ina kumi. Kulirefusha ni kubomoa matao yale yale tunayotaka watu wayaone.

Sababu ya tatu ni abiria. Brooklyn Bridge ni hatua chache tu, na pale zilikuwa zinasimama treni za mwendo wa haraka pamoja na za kawaida. Aliyetoka kazini alitembea kidogo akachagua anayoitaka. Mwishoni City Hall ilikuwa inapata takriban watu 600 kwa siku. Ikafungwa 31 Desemba 1945, na mimi kama mtu wa reli nasema ulikuwa uamuzi sahihi.

Kwa hiyo kama kituo cha kupandia, hapana kabisa. Kama makumbusho, niko na mwanzisha mada.

Mtu wa Nairobi

Mimi napinga, na nitasema kwa nini.

Mwanzisha mada umeruka kipande kimoja. Katika miaka ya 1990 mpango wa kuifungua ulikuwepo, tena ulifika mbali. Ilikuwa iwe tawi la Makumbusho ya Usafiri. Ukaja kusimamishwa mwishoni mwa muongo huo, Rudy Giuliani akiwa meya, kwa sababu ya usalama: ukumbi wa wazi, chini ya bustani iliyo mbele ya ofisi za serikali ya jiji, ambamo yeyote anaingia na begi lake.

Kumbukeni miaka hiyo ilikuwa miaka gani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, na dakika chache tu mbali na hilo, jingine Dar es Salaam. Hapa kwetu walikufa zaidi ya watu 200, Dar 11. Wengi wao hawakuwa na habari na ubalozi wowote. Walikuwa wafanyakazi wa jengo la jirani, wapita njia, abiria ndani ya basi. Watu walipofuka macho kwa sababu walisogelea dirishani kuangalia mshindo wa kwanza ulikuwa wa nini.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba usalama ni kisingizio, siwezi kumkubalia. Jengo la serikali linapolengwa, anayekufa ni raia aliye karibu. Na stesheni ile haiko karibu na jengo, iko chini ya uwanja wake. Acha iingiwe na vikundi vidogo vinavyojulikana kwa majina.

Mkazi wa Bronx

Ndugu yangu wa Nairobi, pole, na ninachukua maneno yako kwa uzito wake. Sikusema usalama ni kisingizio na sitasema.

Lakini hebu tazama pale pale kwenu. Pale ubalozi ulipokuwa, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, leo kuna bustani ya kumbukumbu. Katikati ya jiji, na watu wanaingia. Mngeweza kuizungushia ukuta pawe pa familia za wahanga na wageni rasmi tu. Hamkufanya hivyo. Mliweka lango, mkaweka ukaguzi, mkaruhusu watu.

Na juu ya kitanzi kile, treni zenye abiria wasiojulikana kwa majina zinapita mchana na usiku. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji ziara ya makumbusho. Anahitaji kubaki tu ndani ya namba 6, na hilo tayari limeruhusiwa. Hatari unayoisema ipo leo, mlango ukiwa umefungwa. Kinachozuiwa ni mtu wa kawaida kusimama jukwaani.

Mwenye Mzazi Mgonjwa, New Jersey

Naomba nami nisikike. Namlea mzazi anayetumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo mnielewe ninapotokea.

Treni za chini ya ardhi za New York zina stesheni 472, na sehemu kubwa hazina lifti. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri ilimaliza kesi kwa kukubali kuzifanya asilimia 95 zifikike na watu wenye ulemavu, ila ifikapo 2055. Someni mwaka huo tena. Mzee wa leo hatauona.

Sasa mnataka stesheni ambayo haina safari iingie kwenye foleni ya pesa? Ukiifungua kwa umma sheria itadai lifti, milango ya dharura, mitambo ya hewa. Lifti hiyo utaipitisha wapi bila kutoboa kuba la Guastavino? Stesheni yenyewe imelindwa kisheria tangu 1979, huwezi kuigusa ovyo. Na usipoweka lifti, utakuwa umefungua mlango kwa wote isipokuwa mama yangu. Kaka wa Bronx, neno lako la "kila mkazi" linaanzia kwa nani?

Fundi Reli, Morogoro

Dada amegusa pagumu. Tangu jana natafakari suala la lifti na sioni jibu jepesi. Ukumbi wa tiketi ni mdogo na ngazi ndiyo njia pekee ya kufika jukwaani.

Niongeze jambo moja la kulinganisha, kwa sababu si kweli kwamba halijawahi kufanyika. Madrid kuna stesheni ya Chamberí, kwenye njia ya kwanza ya jiji hilo iliyofunguliwa 1919, iliyobuniwa na Antonio Palacios. Ilifungwa 1966. Sababu? Treni zilirefushwa, jukwaa liko kwenye kona halirefushiki, na stesheni za jirani ziko karibu mno. Yaani ugonjwa ule ule wa City Hall. Mwaka 2008 wakaifungua kama makumbusho. Wameweka ukuta wa vioo ukingoni mwa jukwaa. Wewe umesimama unaangalia matangazo ya zamani yaliyochorwa kwenye vigae, treni za njia namba 1 zinapita nyuma ya kioo bila kusimama. Kuingia ni bure.

Hata New York wenyewe: hayo Makumbusho ya Usafiri yako ndani ya stesheni iliyokufa, Court Street ya Brooklyn, iliyofunguliwa 1936 ikafungwa 1946. Tangu 1976 watu wanashuka mle kuangalia mabehewa ya kale. Ujuzi wa kazi hii wanao.

Mama Tabata

Huyo binti wa New Jersey kanigusa. Watengeneze kwanza wanapopanda wagonjwa.

Mkazi wa Bronx

Dada, swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyoletwa hapa. Sitaki lifti ya mama yako ichelewe hata siku moja kwa ajili ya matao. Pesa ya City Hall isitoke kwenye fungu la lifti. Itoke kwenye fungu la utamaduni na kwa wafadhili, na bila fungu hilo, kazi isianze.

Ila pale unaposema ifungwe kwa sababu mama hataweza kushuka, naomba nikupinge kwa heshima. Treni inayopita mle ndani anaweza kuipanda. Brooklyn Bridge ina lifti. Basi treni chache za siku maalum zisimame pale kitanzini kwa dakika kadhaa, taa zote zikiwa zimewashwa, na mtu wa makumbusho aeleze ndani ya behewa. Aliye kwenye kiti cha magurudumu aone kuba, madirisha na mabamba kutoka pale pale alipo, bila kulipia uanachama. Hilo halihitaji kutoboa ukuta. Linahitaji ratiba, na usiku wa Jumapili kitanzi kina nafasi.

Mtu wa Nairobi

Treni ikisimama na watu wakabaki ndani, mimi sina pingamizi. Abiria wamekwishapita kwenye geti, mabehewa yana kamera, na hakuna anayekanyaga chini ya uwanja wa ofisi ya meya. Hilo naliafiki.

Kushuka jukwaani bado nasema majina yaandikwe kabla, na mabegi yabaki juu. Madrid hawana ofisi ya meya jirani na Chamberí.

Mwenye Mzazi Mgonjwa, New Jersey

Treni ya kusimama naikubali. Iandikwe kwamba siku hizo lifti za Brooklyn Bridge zikaguliwe asubuhi, kwa sababu lifti iliyoharibika ni sawa na isiyokuwepo. Na tangazo litolewe mapema, tupange usafiri wa kutoka huku.